Mahali pa Kulowekea Mihogo

"Usinionyeshe makaratasi, shemeji! Mi nakuuliza mayi iko wapi!"

"Na mi nimekujibu. Mayi iko mu mabwawa. Kwani imekimbia?"

"Haikukimbia. Uliifunga."

Adolphine alikuwa amesimama katikati ya kijito cha Lusoko, mahali ambapo hata wakati wa kiangazi maji yalikuwa yakimfika magotini. Asubuhi ile yalimlowesha vidole vya miguu tu. Juu yake, kwenye ukingo mkavu, alisimama Casimir, binamu wa mume wake, amevaa kaptula iliyopigwa pasi na soksi nyeupe zilizovutwa hadi chini ya magoti. Mkononi alishika karatasi ya ruhusa aliyopewa na wakubwa wa kilimo wa posti ya Fizi, na kila mara Adolphine alipofungua mdomo, Casimir aliipepea kama mtu anayefukuza nzi.

"Angalia shimo langu," Adolphine alisema. "Angalia! Iko na tope kama pua ya mutoto. Na we mwenyewe ulikomaa na bugali iliyotoka mu shimo hili, kabla hujajua soksi."

Wanawake waliokuwa wamechuchumaa kando ya mashimo yao walicheka. Casimir hakucheka.

Kila mwanamke wa upande ule wa kijiji cha Lubondja alikuwa na shimo lake kando ya Lusoko, limezungushiwa mawe, na kila mmoja alilipata kwa mama mkwe wake kama anavyopata kinu na sufuria. Mihogo ya mlimani ni michungu, na uchungu wake ni sumu. Haina budi kulala ndani ya maji yanayopita, ilainike mpaka ikatike kwa kidole, ndipo inamenywa, inaanikwa, inatwangwa, na watoto wanakula. Mihogo mitamu, ile mtu anayochoma na kula palepale shambani, ilikuwa ikilimwa bondeni, kwenye udongo mweusi. Lakini bonde lilikuwa limekwisha. Serikali ilitaka mabwawa ya samaki, chefu, mkuu wa kijiji, alitaka kuipendeza serikali, na Casimir peke yake ndiye aliyekuwa na duka huko Baraka na fedha za kuwalipa watu wachimbe. Alipewa bonde zima. Wengine walioneshwa mlima.

Wakapanda mlimani, wakalima mlimani. Na sasa maji yao nayo yalikuwa yamefuata udongo wao.

"Sikiliza, Mama Dorothée," Casimir alisema, akijaribu sauti ya upole. "Ni kiangazi. Mayi inapunguka kila mahali. Na mulima nani ameuchuna? Ni ninyi bamama, na majembe yenu. Kila mwaka munapanda juu zaidi, munakata, munachoma. Chemchemi itatoa nini?"

"Miti ya chemchemi nilikata mi?"

"Sikusema we."

"Matofali ya nyumba yako iliiva na nini? Na jua?"

Wanawake wakacheka tena, safari hii bila furaha. Kila mmoja alikumbuka tanuru lile la matofali, jinsi lilivyowaka mchana na usiku, na jinsi wanaume walivyoshuka na magogo kutoka msitu mdogo uliokuwa ukikifunika chanzo cha Lusoko. Nyumba ilitoka nzuri, hilo hakuna aliyebisha. Ilikuwa na madirisha ya vioo. Tangu siku ile wanawake walitafuta kuni mbali zaidi, na aliyeonekana na panga mlimani ndiye aliyeandikwa faini ya kuharibu msitu.

Marie, mama mkwe wa Adolphine, alitokea wakati ule ule kwenye njia ya mlimani. Alikuwa ameinama chini ya kitunga kilichojaa mihogo mibichi, ukanda wa gome umekaza paji lake la uso, shingo imenyooka mbele. Alifika karibu na Casimir kuliko mtu mwingine yeyote, akageuza mgongo kwake.

"Nitue, mwanangu."

Kwao, neno lile halina ugomvi. Hata kama mmetukanana tangu jua kuchomoza, mwanamke akikufikia na mzigo wa mgongoni akasema nitue, unashika kitunga, unamshusha, kisha mnarudi kutukanana. Mtoto anajua. Mlevi anajua. Casimir aliangalia kitunga kilivyokuwa kikidondosha udongo mwekundu, akaangalia soksi zake, akaangalia njia.

"Monitere wa kilimo anakuya leo kupima mabwawa," alisema. "Nitamupokea vile, na matope? Bamama, muko wengi, mumusaidie." Akasogea kando.

Adolphine alitoka kijitoni kwa hatua ndefu, akashika kitunga cha mama mkwe wake na kukishusha mwenyewe. Marie alinyooka polepole, akiwa na alama ya ukanda kwenye paji, akamtazama mtoto wa dada yake akiondoka.

"Huyu nilimubeba," alisema. "Mu mgongo huu huu."

"Basi ulimubeba vibaya, mama," Adolphine alisema. "Alisahau kubebwa iko namna gani."

Nyumbani, binti yake Dorothée alikuwa bado amelala kwenye mkeka. Alikuwa msichana wa miaka saba, mwenye maneno mengi siku zote, na kunyamaza kwake ndiko kulikomwogopesha mama yake kuliko kutapika. Tangu jana alilalamika kwamba nyumba inazunguka. Alipojaribu kusimama ili aende nje, miguu ilimkatikia, akaketi chini na kucheka kidogo kwa aibu, kisha akatapika.

Sababu ilijulikana. Juma lile, shimo lilipokauka, Marie aliizika mihogo ndani ya tope lililobaki. Siku zote alikuwa akiipima kwa pua. Mihogo iliyoiva majini ina harufu yake, kali, chachu, na pua ya Marie haikuwahi kumdanganya tangu aolewe. Lakini tope lililosimama linaoza lenyewe. Lilinuka kama mihogo iliyoiva, na ndani yake mihogo ilikuwa imelainika nje tu, na moyoni bado ina sumu yake yote. Marie alinusa, akaitoa, akaianika, akatwanga. Watu wazima waliumwa vichwa. Dorothée, aliyekula zaidi kwa sababu hakukuwa na kitu cha kulia bugali ila sombe ya majani ya mihogo, isiyo na mafuta ya mawese, alianguka.

"Nilinusa," Marie alisema tena, akikaa mlangoni. Alikuwa amesema hivyo tangu jana.

"Mama, acha. Hata mi ningenusa."

Adolphine hakuwa na muda wa kumbembeleza. Alimpa mtoto maji ya moto yenye chumvi, akamfunika, akafunga kitambaa chake upya kichwani na kwenda bondeni kumtafuta monitere.

Monitere alikuwa kijana aliyeitwa Jacques, mtu mweusi aliyesomea kilimo shule ya misioni, ametumwa na mzungu wa kilimo kuzungukia mabwawa ya Fizi nzima. Alivaa kofia ngumu nyeupe iliyokuwa kubwa kwa kichwa chake. Adolphine alimkuta kwenye ukingo wa bwawa la mwisho, akitazama maji yalivyotulia, safi, mapana, yakionesha mawingu. Samaki walipita chini kama vivuli. Bwawa lilifuata bwawa, na mwisho wa yote palikuwa na mlango mdogo, ubao mmoja uliosimamishwa kati ya mawe. Nyuma ya ubao yalikuwa maji yote ya Lusoko. Mbele yake palikuwa na unyevu tu, na nyasi.

Raphaël, mume wa Adolphine, alisimama karibu na ubao huo na fimbo yake. Casimir alimwajiri kuwa zamu, alinde samaki dhidi ya ndege na ya watu. Alipomwona mke wake anakuja alitazama chini.

"Bwana monitere," Adolphine alisema, "mi niko Mama Dorothée, wa pale chini. Hatuna mayi ya kulowekea mihogo. Mutoto wangu anaumwa sababu ya hiyo. Naomba useme huyu ubao uinuliwe. Siyo siku yote. Hata usiku tu, mashimo yajae."

Jacques alikuwa na adabu. Alivua kofia. "Mama, pole ya mutoto. Lakini kuloweka mihogo mu mto, kwanza, sheria inakataza. Inachafua mayi. Inaua samaki."

"Tulikuwa tunaloweka mbele samaki hawa hawajazaliwa."

"Ndiyo, lakini sasa wamezaliwa." Akatabasamu, akaona kwamba Adolphine hatabasamu, akaacha. "Serikali inapenda mupande mihogo mitamu. Ile haina sumu, haitaki kulowekwa. Mbegu iko, tutawapa."

"Tupande wapi?"

"Mu udongo muzuri, wenye unyevu. Mu bonde."

"Bonde gani?"

"Bonde hili la..." Jacques alinyosha mkono, na mkono ukabaki umenyoshwa juu ya maji.

"Endelea," Adolphine alisema. "Nasikiliza. Nipige jembe upande gani, hapa penye samaki mukubwa, ama pale?"

Casimir, aliyekuwa amesimama nyuma ya monitere, aliingilia kati. "Bwana monitere, usiumie kichwa. Huyu ni bibi ya ndugu yangu, ana kinywa tangu zamani. Samaki hawa ni chakula cha watu!"

"Watu gani?" Adolphine aligeuka. "Sema jina la mutu moja wa Lubondja aliyekula samaki wako. Wanapanda kamyo, wanaenda Baraka, wanaenda Fizi ku meza ya wazungu. Hata Raphaël anayewalinda hajui kama wana chumvi!"

Raphaël alikohoa. Jacques aligeuza kofia mikononi. Alisema atalieleza jambo hili kwa mzungu wa kilimo, ila mzungu alikuwa amekwenda Ulaya kupumzika na angerudi mvua zikianza. Mvua zikianza maji yatakuwepo. Kwa hiyo jambo lenyewe litakuwa limekwisha. Alisema hayo kwa moyo mzuri kabisa, kama mtu anayetoa dawa. Casimir akamwekea mkononi furushi la majani ya migomba lenye unyevu, mkia wa samaki ukichungulia, na wakaenda pamoja kuangalia bwawa la pili.

Adolphine alitaka kupiga kelele. Alijikuta anacheka peke yake, kicheko kibaya.

Raphaël alimfuata hadi njia panda.

"Unataka nifukuzwe kazi?"

"Nataka mayi."

"Mi siko na mayi! Niko na fimbo!" Alimwonyesha fimbo, kana kwamba hajawahi kuiona. "Kodi ya serikali nitalipa na nini, Mama Dorothée? Nikikosa kodi nitafungwa. Kule juu mulimani tunavuna nini zaidi ya mihogo na mawe?"

"Ndio nimesema. Tunavuna mihogo. Na mihogo hatuwezi kuikula. Na mayi ya kuiivisha, we ndio unailinda tusiipate. Unalinda vizuri, Baba Dorothée. Hata mutoto wako hapiti."

Ilikuwa kali mno, na aliona jinsi ilivyompata. Uso wa Raphaël ulijifunga. Alikuwa mtu mzuri, mpole, na mara nyingi upole wake ndio uliomchokesha Adolphine kuliko ukali wa wengine.

"Unadhani siangalii huyu ubao?" alisema taratibu. "Kila siku nauangalia. Ni mwepesi. Lakini nikiuinua leo, kesho atakuwa na zamu mwingine, na ubao utarudi. Sasa nitakuwa nimefanya nini?"

Adolphine aligeuka kwa hasira. Alimwacha pale.

Alipofika nyumbani Dorothée alikuwa ameketi, amejiegemeza kwa ukuta, macho makubwa. "Mama," alisema, "bugali iko?"

Adolphine alimtazama Marie. Marie aliutazama unga uliobaki kwenye kibuyu, ule ule wa matope, ambao hakuna aliyethubutu kuupika wala kuutupa. Nje, vitunga viwili vya mihogo mibichi vilikuwa vimeegemezwa kwenye kinu. Mihogo ikishachimbwa haisubiri. Baada ya siku chache inageuka bluu ndani na inakuwa kazi bure. Ziwa lilikuwa mbali, mwendo wa kutwa nzima kwa mtu mwenye mzigo, na watu wa vijiji vya huko, Mboko na Swima, walikuwa na mihogo yao ya kuloweka. Palikuwa na tope. Palikuwa na kungoja mvua. Palikuwa na kwenda tena kwa chefu, aliyekwisha kumwambia aende kwa Casimir, aliyemwambia aende kwa monitere, aliyemwambia amngoje mzungu.

Mayi iko mu mabwawa. Kwani imekimbia?

Alisimama ghafla. "Mama, nipandishie kitunga."

"Wapi?"

"Naenda kuloweka."

Marie alimwinulia kitunga mgongoni bila kuuliza zaidi, akaweka ukanda sawa kwenye paji lake. Kisha akaenda kwenye kitunga cha pili.

"We baki na mutoto, mama."

"Mutoto atabaki na Mama Alphonse wa jirani. Mi niko na mihogo yangu."

Wanawake walikuwa bado kando ya mashimo, wakichota tope kwa mikono ili wapate vijidimbwi. Walimwona Adolphine anapita na mzigo bila kusimama, na mama mkwe wake nyuma.

"Mama Dorothée! Shimo lako umelipita!"

"Najua."

"Unaenda kuloweka wapi, mayi haiko?"

"Iko! Shemeji alisema mwenyewe asubuhi, wote mulisikia. Mayi iko mu mabwawa."

Kwanza hakuna aliyeelewa. Kisha mmoja alicheka, akaziba mdomo. Mwingine akasema, "We! Samaki watakufa wote!" Na yule aliyecheka akamjibu, "Kwani ni wako?" akaanza kutafuta ukanda wa kitunga chake.

Casimir aliwaona wakiwa wamekwisha kufika kwenye ukingo, kundi zima la migongo iliyoinama. Alikuwa ameketi na monitere kwenye viti vilivyoletwa kutoka nyumba ya matofali. Alisimama haraka, kiti kikaanguka.

"Hapana kuingia hapa! Munaenda wapi?"

"Tunaloweka mihogo, shemeji," Adolphine alisema, akivuta pumzi chini ya mzigo.

"Mu bwawa langu? Weye una wazimu? Hiyo ni sumu! Itaua samaki wote!"

"Kumbe unajua ni sumu."

Jacques alitazama miguu yake. Adolphine aligeuza kichwa kadiri ukanda ulivyomruhusu, akaelekeza kidevu kwenye mlango wa mwisho.

"Ubao uko pale, shemeji. Ni mwepesi. Uinue sasa, tutarudi na mihogo yetu ku mashimo yetu, na samaki wako watalala salama. Hatutaki samaki. Hatukutaka hata siku moja."

Casimir aliutazama ubao. Kwa kitambo ilionekana kama anafikiri. Lakini monitere alikuwa pale, na wanawake walikuwa wengi, na mtu mwenye nyumba ya vioo hainui ubao kwa sababu ya vitunga. Alimgeukia zamu wake.

"Raphaël! Toa bibi yako hapa! Toa wote! Ama fimbo nilikupa ya kukuna mgongo?"

Raphaël alikuja na fimbo. Alitembea ukingoni polepole, akasimama mbele ya mke wake. Jasho lilikuwa likimtiririka Adolphine kutoka chini ya ukanda hadi machoni, na hakuweza kulifuta, kwa sababu mikono yote miwili ilishika ukanda. Alikuwa na maneno mengi ya kumwambia, ya leo na ya miaka, na aliyaacha yote. Alimgeuzia mgongo.

"Nitue," alisema.

Alingoja. Aliona samaki wakipita ndani ya maji safi, taratibu, wanene, na aliwahurumia kidogo, kwa kuwa wao hawakuomba bonde la mtu.

Kisha alisikia fimbo ikianguka kwenye nyasi. Mikono ilishika kitunga kwa chini, mzigo ukaondoka mgongoni mwake, na akanyooka.

"Raphaël!" Casimir alipiga kelele. "Kazi yako imekwisha! Unasikia? Imekwisha!"

"Nasikia," Raphaël alisema. Hakuachia kitunga. Alimtazama mke wake. "Upande gani?"

"Hapa. Penye mawe."

Wakashika kila mmoja upande wake na kukiinamisha. Mihogo ilianguka majini kwa kishindo, mmoja, miwili, kisha yote kwa pamoja, na maji yakachafuka udongo mwekundu. Nyuma yao Marie alikuwa amekwisha kugeuza mgongo.

"Na mi," alisema. "Nitue, mwanangu."

Raphaël akamtua. Casimir alikuwa anakimbia kuelekea ubao auinue, sumu itoke na maji, soksi moja imeshuka, akimwita monitere amsaidie, lakini Adolphine hakugeuka kumtazama. Alikuwa amefunga kitenge juu na kuingia bwawani, maji yamemfika magotini, akiyapanga mawe kuizunguka mihogo yake, na kitunga cha tatu kilikuwa kinakuja.